Sauti ya Kumwinua Bi. Mwantumu

Hapo zamani, wala si zile zamani za wanyama kusema, ni hizi za juzijuzi tu ambazo baadhi yenu mlikuwa mmeshaota meno, palikuwa na mji mdogo wa katani. Jina lake silitaji, maana wenyewe wanapenda kesi. Mji huo ulikuwa na kiwanda, na kiwanda kilikuwa na ukumbi, na ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wa ukumbi, palikuwa na nyumba ya mjane mmoja aitwaye Bi. Mwantumu.

Mumewe, marehemu Chande, alikuwa mpiga gitaa. Alipokufa hakuacha shamba wala ng'ombe. Aliacha amplifaya, mashine ya kukuzia sauti ya gitaa, tena si hizi za siku hizi za kubeba kwapani. Ile ilikuwa na uzito wa kabati la nguo, na ndani yake mlikuwa na valvu, vichupa vya kioo vinavyowaka rangi ya machungwa vikipata umeme. Bi. Mwantumu aliifunika kitambaa cha kufuma, akaweka chupa ya chai juu yake. Wageni walidhani ni meza.

Ndugu wa marehemu wakaja kuidai. Akawatimua. Wakarudi na maneno matamu, akawatimua tena. Mwishowe akatoka barazani na kusema kwa sauti, watu wote wasikie:

"Tangu nimzike Chande sijainuka kwa ngoma ya mtu yeyote. Harusi nimekaa. Sherehe za kiwanda nimekaa. Sasa sikilizeni. Mashine hii itapelekwa ukumbini, mimi nitakaa hapa barazani kwangu nasuka ukili wangu. Atakayeifanya ingurume mpaka mwili uniinue wenyewe, bila mimi kutaka, huyo aichukue. Mtu mmoja! Sitaki kusikia habari za ubia."

Basi maneno hayo yalimfikia Sikudhani, na Sikudhani hakulala vizuri tena.

Huyu Sikudhani alikuwa binti wa mkata katani, mwembamba, mwenye shingo ngumu ajabu. Alikuwa na gitaa la umeme, lakini hakuwa na amplifaya, na gitaa la umeme bila amplifaya ni ubao wenye nyuzi. Alipenda roki, ile roki nzito yenye mkwaruzo, katika mji ambao watu walipenda dansi la kuyumbisha mabega taratibu. Alikwenda kuomba nafasi kwenye bendi ya kiwanda, wakamcheka. "Dada, mwanamke anaimba. Gitaa lina wenyewe." Akawajibu, "Wenyewe ni akina nani? Nionyesheni hati yao!" Wakamfungia mlango. Tangu siku hiyo alikuwa akipiga chumbani kwake, sikio kalibandika kwenye ubao wa gitaa ili asikie kidogo. Hebu fikirieni, mtu ana radi kifuani na hasikiki hata na jirani wa ukuta mmoja.

Kwa hiyo mashine ile kwake haikuwa pambo. Akiipata, atasikika. Akiikosa, basi tena, ni chumbani mpaka uzee.

Akaibeba kwa mkokoteni hadi ukumbini. Mlangoni akakutana na mwenyekiti wa ukumbi, Bwana Mdoe, mtu wa mashati ya mikono mirefu na amri fupi. Bwana Mdoe akatazama vile vifundo vya kuzungusha vilivyopangwa usoni mwa mashine, kimoja cha nguvu ya kuingia, kimoja cha besi, kimoja cha sauti ya kati, kimoja cha sauti nyembamba, na cha mwisho cha sauti kuu. Akatoa rangi nyekundu, akachora mstari kando ya kifundo cha sauti kuu, katikati kabisa.

"Hapa ndipo mwisho," akasema. "Ukivuka mstari huu, hutakanyaga ukumbi huu maisha yako yote. Umenielewa?"

"Nimekusikia, Bwana Mwenyekiti," akasema Sikudhani. Hakusema amemwelewa.

Akachomeka gitaa. Sasa sikilizeni kosa la watu wa mji ule, na wala wasionewe, ni kosa la kila mwenye njaa ya sauti. Wao wakitaka muziki mkali hufungua kila kitu mpaka mwisho. Sikudhani naye akafungua. Nguvu mpaka mwisho, besi mpaka mwisho, nyembamba mpaka mwisho, ya kati tu ndiyo aliyoizima, na sauti kuu akaisimamisha kwenye mstari. Akapiga. Kukatoka mvumo wa nyuki waliofungiwa ndani ya debe, ukakoroma, ukakatika, ukarudi, ukazimika.

Ng'ambo ya barabara, Bi. Mwantumu aliendelea kusuka ukili. Hakuinuka.

Watu wakacheka. Sikudhani akajifuta jasho, akavuka uwanja, akaenda kumwita Fundi Kilango, mtengeneza redio.

Fundi Kilango alikuwa mzee wa miwani iliyofungwa uzi. Akafungua mgongo wa mashine, akachungulia, akatikisa kichwa. "Mwanangu, hizi valvu mbili za mwisho, zile za kusukuma spika, zimekwisha. Unampiga mgonjwa fimbo ili akimbie."

"Zinapatikana wapi, fundi?"

"Hazipatikani."

Kisha akaenda dukani kwake, akaiendea redio ya baba yake, redio kubwa ya mbao ambayo kila jioni mtaa mzima ulikusanyika kusikilizia taarifa ya habari. Ndani yake mlikuwa na valvu mbili za aina ileile. Akazing'oa. Akaja akazipachika kwenye mashine, akapima umeme wake hapa na pale, akafunga. Zile valvu zikawaka, na mashine ikapumua sauti nene, safi, isiyokatika.

Sikudhani akapiga. Ukumbi ukajaa. Akasema, "Leo ndiyo leo!" Lakini gitaa peke yake si muziki, roki inataka ngoma. Akamwita Mbaruku.

Mbaruku ndiye aliyekuwa mpiga dramu wa bendi ya kiwanda. Wenzake walishamwambia wazi, "Ukimpigia yule msichana, fimbo zako za dramu uende nazo moja kwa moja, usirudi kwetu." Naye Mbaruku akaja, na fimbo zake mkononi, na wenzake wakimtazama. Akakaa. Akaanza kupiga.

Na hapo lile gitaa likapotea. Ndiyo, likapotea! Mkono wa Sikudhani ulionekana ukipanda na kushuka, uso umemkunjamana, lakini aliyesimama mlangoni alisikia dramu na mvumo tu, kama lori linapita mbali.

Bi. Mwantumu aliendelea kusuka ukili. Hakuinuka.

Mbaruku akasimamisha dramu. "Siku, ukipiga peke yako unatisha. Nikiingia mimi, hupo."

"Piga polepole basi."

"Sipigi polepole! Kwani wewe unataka roki au unataka kubembeleza mtoto? Tatizo si mimi. Besi yako inagombana na dramu yangu ya mguu, na ule mkwaruzo umezidi mpaka umekula noti zote. Umetengeneza sauti kwa masikio ya chumbani."

Neno hilo la chumbani lilimchoma Sikudhani kuliko kicheko cha watu wote. Kabla hajajibu, Mbaruku akainuka, akaenda kwenye mashine bila kuomba ruhusa. Besi akaishusha mpaka chini ya nusu. Nguvu ya kuingia akaipunguza. Na kile kifundo cha sauti ya kati, ambacho Sikudhani alikuwa amekizima kabisa kwa kuwa alipopiga peke yake kilimkera, akakipandisha juu.

"Unaniharibia!" Sikudhani akapiga kelele. "Hiyo sauti inabweka kama mbwa!"

"Acha ibweke. Piga."

Wakapiga. Sauti ile iliyobweka peke yake ikapenya katikati ya dramu, ikasimama wima, kila noti na mahali pake. Waliokuwa wamekaa nje wakageuza shingo. Ng'ambo ya barabara, mikono ya Bi. Mwantumu ikasita juu ya ukili. Ikasita, ikakaa hivyo hivyo kitambo.

Lakini hakuinuka.

Sikudhani alijua kwa nini. Alikuwa anasikia kwa vidole vyake. Ilikuwa sauti nzuri, sauti iliyonyooka, lakini ilikuwa na adabu mno. Zile valvu mbili za kusukuma zilikuwa zimekaa tu, hazijatoka jasho. Roki nzito haipatikani kwa kuiongezea mkwaruzo mwanzoni. Inapatikana valvu za mwisho zikibanwa mpaka zilalamike zenyewe, na ili zibanwe, sauti kuu lazima ivuke mstari.

Akamtazama Bwana Mdoe. Bwana Mdoe naye alikuwa anamtazama yeye, mikono ameikunja kifuani.

"Usithubutu," akasema.

Aliogopa, msije mkadhani hakuogopa. Ule ndio ulikuwa ukumbi pekee wa mji. Alikaa miaka mingi akiumezea mate, na sasa ndani yake ndipo aliposimama, gitaa begani. Akiuvuka mstari, ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho. Lakini akaona kwamba akiutii, atakuwa amehamisha chumba chake tu, akakileta ukumbini.

"Bwana Mwenyekiti," akasema, "huo mstari umeuchora wewe. Sauti sikuichora mimi. Ina mahali pake inapokaa, na si hapo."

Akakizungusha kifundo. Kikavuka rangi nyekundu, kikaenda, kikaenda. Akampa Mbaruku ishara kwa kidevu. Akashusha mkono kwenye nyuzi.

Jamani! Mashine ilinguruma. Bati za paa zikatetemeka, vioo vya madirisha vikalia, mbwa wa mtaa wakakimbilia shambani. Mkwaruzo ukawa mnene, wenye nyama, na ndani yake kila noti ikasikika. Sikudhani akapiga kwa ajili ya mlango aliofungiwa, akapiga kwa ajili ya kila usiku aliobandika sikio kwenye ubao. Hakumbembeleza mtu. Alikuwa na hasira na furaha kwa wakati mmoja, na vyote viwili vilisikika.

Na Bi. Mwantumu akajikuta amesimama. Ukili umeanguka chini, kanga inaburuta, naye yuko katikati ya barabara, hajui ameshuka lini barazani.

Akaingia ukumbini machozi yakimtoka. Sikudhani akanyamazisha nyuzi kwa kiganja. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba." Akaitazama mashine. "Hii si sauti ya Chande. Chande alikuwa anabembeleza. Hii imenikasirisha, nami nilikuwa nimesahau kukasirika. Nimejiona niko hai." Akajifuta uso. "Haya. Nani amefanya hivi?"

"Mimi," akasema Sikudhani.

"Mimi," akasema Fundi Kilango.

"Mimi," akasema Mbaruku.

Bi. Mwantumu akakaa kwenye benchi. "Semeni."

Fundi Kilango akasema, "Mama, nilikuta maiti. Nimeitoa roho redio ya baba yangu nikaitia humu. Kilichonguruma ni valvu zangu. Leo jioni mtaa utakuja kwangu kusikiliza habari, nami nitawaonyesha sanduku bubu. Nipe mashine, nirudishe nilichong'oa."

"Nawe ukizing'oa, mashine inakufa tena," akadakia Mbaruku.

"Itakufa. Lakini ni zangu."

Mbaruku akasema, "Valvu zake ziliwaka, Bi. Mwantumu, hukuinuka. Sauti ilikuwepo, haikuwa na sura. Mimi ndiye niliyeipa sura, kwa mikono hii, mwenyewe akinipigia kelele kwamba naharibu. Na kwa ajili hiyo sina bendi tena. Nikirudi na mashine hii, watanifungulia mlango. Bila mashine, nitapiga dramu juu ya ndoo."

"Utawapelekea walewale walionifungia mimi?" Sikudhani akauliza.

"Nitakula wapi, Siku? Niambie."

Sikudhani akamgeukia Bi. Mwantumu. Akasema lake. "Fundi alitengeneza, hukuinuka. Mbaruku alipanga, hukuinuka. Ninyi wawili mliishia pale kwenye mstari mwekundu. Aliyevuka ni mimi. Aliyepiga ni mimi. Na huyu bwana hapa ananisubiri anitoe nje."

"Maisha," akasema Bwana Mdoe. "Nilisema maisha."

"Mmesikia! Fundi ana meza yake ya kazi. Mbaruku ana dramu, hata ikiwa ndoo. Mimi bila mashine hii sisikiki. Nipeni, nami nitapiga kando ya barabara, kwenye vumbi, na huyo mwenyekiti atanisikia ofisini kwake mpaka astaafu!"

"Mkono wako ungepiga hewa bila valvu zangu," akasema fundi, wala hakusema kwa ubaya.

"Na ungepiga matope bila mimi," akasema Mbaruku.

Watu wakagawanyika. Huku fundi, kule Mbaruku, huku Sikudhani, na kelele zikazidi zile za gitaa. Bi. Mwantumu akainua kiganja. "Nilisema mtu mmoja, na neno langu silirudishi. Lakini nikimtazama huyu nawaona wale."

Sikudhani akauweka mkono juu ya mashine. Ilikuwa ya moto, karibu imchome, na hakuutoa. "Amueni mnavyotaka," akasema. "Lakini atakayepewa na si mimi, aje autoe mkono huu yeye mwenyewe."

Hakuna aliyekwenda. Wala hakuna aliyesema ni haki ya Sikudhani.

Haya, ninyi mliokaa hapo mkitafuna karanga zangu, msinijibu kwamba wagawane, Bibi amekataa, na mashine ikikatwa hailii. Msinijibu kwamba wakae pamoja, maana mmemsikia kila mmoja aendako. Yupo aliyetoa roho ya redio yake, yupo aliyeipa sauti sura akapoteza bendi, yupo aliyevuka mstari akapoteza ukumbi. Mmoja tu ndiye atakayeondoka nayo, na wawili watarudi nyumbani bila kitu.

Je, nani alistahili? Na wewe unayemtaja fundi au Mbaruku kwa sauti kubwa hivyo, je, ungekwenda kuutoa ule mkono?