Upanga wa Babu yake Gobeze

Katika mji wa Gonda wa zamani, mhunzi alidharauliwa hata hakuna aliyekula naye sahani moja. Tajiri Gobeze aliuona upanga uliopinda kama mundu nyumbani kwa mhunzi mwanamke, Zenebu, urithi pekee alioachiwa na baba yake, akauchukua. Zenebu akamshtaki kwa hakimu.

Gobeze alifika barazani na mzee aliyekuwa karibu kumpa binti yake amwoe.

"Upanga huu ni wa babu yangu," alisema.

"Huenda," alijibu Zenebu. "Aliununua Ulaya?"

"Ulaya! Huoni mpini ni pembe ya nyati wa hapa hapa?"

"Basi alipewa zawadi."

"Babu yangu alitoa zawadi, hakupewa!"

"Kumbe alimpora mtu."

"Mwanamke wa masizi wewe! Babu hakuwa mwizi!"

"Hakununua, hakupewa, hakupora. Sasa aliupata wapi, bwana mkubwa?"

"Aliufua mwenyewe, kwa mikono yake!"

Yule mzee alisogeza kigoda chake mbali kidogo na Gobeze.

Zenebu aliinama. "Hakimu, nimeshindwa. Chukua upanga, ndugu yangu. Jioni karibu tule; sisi wahunzi tumebaki wachache."

Gobeze aliugeuzageuza upanga.

"Kumbe si huu," alisema. "Wetu ulinyooka."