Siku Kijiji Kizima Kiliponuna

Sogeeni, wajukuu zangu, mliokauka na mnaodondoka maji. Nikisema "Kale," nanyi semeni "Tupeleke." Kale. Haya, twende.

Hapo kale, mito ilipokuwa bado inatafuta pa kupita, palikuwa na kijiji cha wakulima wa mtama. Mkubwa wao aliitwa Zumbe, na Zumbe wa siku zile hakupaza sauti. Kupaza sauti ni kwa wenye njaa, walisema. Yeye alinong'ona, na mpiga mbiu alilipokea neno, akatoka nalo, akapuliza pembe, akalitangaza. Na neno la Zumbe halikurudiwa. Ukilisikia umelisikia, usipolisikia, shauri yako.

Mpiga mbiu alikuwa Semgaya. Sauti yake ilikuwa kubwa, lakini alipenda maji kuliko kazi. Anapiga mbizi, anaibuka. Anapiga mbizi, anaibuka. Kama nyinyi leo, msinitazame hivyo.

Jioni moja aliibuka masikio yameziba. Akitikisa kichwa, maji humo ndani chubwi, chubwi. Kabla hajayatoa akaitwa. Mtama ulikuwa umeiva, na kweleakwelea wameonekana ng'ambo ya mto, wingu zima la ndege. Wakitua kabla ya watu kuvuna, mwaka huo watu watakula majani. Zumbe akanong'ona, "Kesho watu wote wavune."

Semgaya akasikia chubwi. Akasikia, "Kesho watu wote wanune."

Alishangaa, lakini angeuliza vipi? Neno halirudiwi. Akapuliza pembe, akatangaza: "Zumbe anasema kesho tunune. Wake kwa waume. Atakayecheka, shauri yake."

Basi kulipokucha, kijiji kikanuna. Wake waliweka ugali chini bila neno, waume wakala wakitazama ukuta. Midomo ilivutwa mbele kama ya bata. Wazee wawili waliokuwa wamegombania mpaka wa shamba miaka mingi walisifiwa kwa macho tu: hao ndio walijua kununa. Bwana na bibi harusi walishindwa, wakajificha nyuma ya nyumba wakizibana midomo.

Zumbe akafika shambani na kisu chake cha kuvunia. Hakuna mtu. Akarudi kijijini, akasalimu, watu wakageuza nyuso. Akajisemea kuwa wamemchukia. Naye akaingia ndani, akanuna.

Kweleakwelea wakatua. Kufukuza ndege kunataka kelele, na aliyenuna hapigi kelele. Mtama ukaanza kwenda.

Mama yake Zumbe, Bibi Nyange, alikuwa mzee mno hata kununa kulimchosha. Akamwendea Semgaya, akamuuliza mwanawe ameagiza nini.

"Tunune, mama."

"Kuvuna?"

"Ndiyo, kununa."

Bibi akamtazama. Kichwa cha Semgaya kimelala upande, kama kuku anayechungulia mwewe. "Semgaya, jana ulioga?"

"Nioe tena, mama? Huyu mmoja hajanizoea."

Bibi akajua. Akamshika sikio, akalivuta, akamwonyesha kwa mkono aruke kwa mguu mmoja. Semgaya akaruka, akaruka. Maji hayakutoka. Akamwekea sikioni jiwe lililopashwa moto kidogo. Maji ya sikio la kulia yakachuruzika, ya kushoto yakagoma. Bibi akaleta kibuyu cha maji. Semgaya akarudi nyuma, akalalamika kwamba yaliyomo yanamtosha.

Bibi akamsemea kwenye sikio zima: "Dawa ya moto ni nini?"

"Ni moto."

"Basi tulia."

Akamtilia maji kidogo, akamgeuza kichwa ghafla. Yaliyoingia yakayaita yaliyokuwamo, yakatoka pamoja. Msije mkajaribu na uji.

Kitu cha kwanza Semgaya kusikia kilikuwa ndege. Akakimbia na pembe yake, akatangaza kwamba amekosea, watu wavune. Nani amjibu? Walidhani anawapima. Wakazidi kuvuta midomo. Semgaya akaona mtama unakwisha, akaacha haya. Akavuta sikio, akaruka kwa mguu mmoja katikati ya kijiji, akawasimulia jinsi alivyoulizwa kuoga akajibu kuoa. Bibi harusi akapasuka kwa kicheko, mumewe akafuata, na hata wale wazee wawili wakaegemeana. Kununa kukaisha. Visu, vikapu, mbio shambani.

Lakini ndege walikuwa wengi, hawakujali watu. Zumbe akatokea na hasira yake, akamsogelea Semgaya, akanong'ona, "Nipe pembe."

Kutoa pembe ni kufukuzwa kazi, watoto wangu. Semgaya masikio yake sasa ni makavu kama haya yangu. Akainama, akauliza, "Nipige pembe?"

Watu wakashika vifua. Neno la Zumbe halirudiwi. Zumbe akanong'ona tena. Semgaya akauliza tena, kwa heshima zote, kama apige pembe.

"NIPE PEMBE!"

Mabonde yakaitikia. Ndege wote wakaruka kwa pamoja, wakavuka mto, hawakurudi. Zumbe akatazama mbingu, akashika koo lake. Nusu ya mtama ilikuwa imesalia, na ikavunwa yote. Habari ya pembe hakuna aliyeikumbusha.

Tangu hapo Semgaya alibaki na kazi yake, na kila mtama ulipoiva, Zumbe mwenyewe ndiye aliyekaa shambani kufukuza ndege. Wanasema alikuwa na raha sana.

Neno la nusu huharibu shamba zima. Aulizaye haya yake ni ya dakika moja. Kisa nimekitua. Aliyekisikia akibebe, na ambaye hakusikia aje nimvute sikio.