Kwa Nini Vyura Wadogo Huimba Migombani

Zamani, vyura wote wa milimani walikaa kijitoni. Kila jioni ukungu uliposhuka, waliimba, na hakuna aliyewaona kuwa kero. Ukungu wa huko ulikuwa mzito, mtu hakuuona hata mkono wake, na aliyetoka mbali alikijua kijiji kwa masikio. Aliifuata sauti ya vyura mpaka kwenye maji, na kutoka kwenye maji hata mtoto aliijua njia ya kwao.

Namkunda aliolewa nyumba ya mwisho, iliyopakana na kijito. Mumewe, Senkondo, aliwatania vyura kama watu wa ukoo wa mkewe. Siku alipoondoka na wenzake kwenda nyikani kutafuta chumvi, alisimama kwenye mawe ya kuvukia akapaza sauti:

"Mashemeji! Msilale kabla sijarudi!"

Vyura wakamjibu. Namkunda akacheka, akarudi ndani, akaona nyumba imekuwa kubwa.

Masika yakaja, yakapita. Anayengoja hutafuta kazi ya mikono, na Namkunda akaishika nyumba. Aliziba nyufa, akakandika kuta, akazikandika tena. Jirani yake Nakiete alikuwa akipita na mtungi kichwani.

"We Namkunda, mlango huo utaukandika mpaka lini? Hata kuku hawajui tena waingilie wapi."

"Bwana akirudi asikute nyumba imechoka."

"Kwani anarudi kulala na ukuta?"

Wakacheka wote wawili.

Wakabaki mchwa na viroboto. Namkunda alichuma utupa, majani yaleyale ambayo wavuvi hulevyea samaki, akayatwanga kinuni na kunyunyizia maji yake kwenye nguzo na sakafu. Viroboto wakafa. Kabla hajamaliza, Nakiete akaja mbio: wasafiri wa chumvi wameonekana bondeni, jioni watafika.

Furaha ikamtia haraka. Kinu kilikuwa kichafu, na kijito kilikuwa pale pale. Alikibingirisha hadi kwenye maji, akamwaga masazo, akasuuza mchi. Siku hizo hakuna aliyekatazwa. Maji yalipita, na kilichopita hakikuulizwa.

Jioni ukungu ukashuka. Namkunda alikoka moto, akakaa mlangoni. Kijitoni kulikuwa kimya. Alidhani vyura wamechelewa. Aliposhuka na kijinga cha moto, aliwakuta wanaelea, matumbo juu. Hapo akaanza kuita jina la mumewe. Aliita mpaka sauti ikamkauka, na ukungu ukaimeza yote.

Asubuhi, ukungu ulipoondoka, wasafiri waliingia na mizigo yao. Walikuwa wamelala chini ya mwamba, wakiogopa kupotea.

"Senkondo yuko wapi?" akauliza Namkunda.

Wakatazamana. "Kwani hajafika? Alitutangulia jana. Tulimsihi alale, akasema, 'Laleni ninyi. Mimi nina mashemeji wa kuniita.'"

Walizikuta nyayo zake. Zilipita juu kidogo ya kijiji, karibu na nyumba yake mwenyewe, zikaendelea upande wa pili wa mlima, zikaishia kwenye mawe.

Namkunda alipanda hadi kwenye chemchemi, ambako utupa haukufika. Huko walibaki vyura wachache, wadogo kuliko wote. Akawaomba washuke, waimbe, huenda anayezunguka mlimani akasikia. Kizee mmoja wa vyura akamjibu:

"Mwanetu, tushukie wapi? Kinuni mwako?"

Namkunda alirudi nyumbani, na kuanzia hapo kila maji aliyooshea, ya vyombo, ya nguo, ya udongo wa kukandikia, aliyabeba hadi nyuma ya nyumba na kuyamwaga shinani mwa mgomba, mbali na kijito. Kinu cha utupa alikioshea huko huko.

Vyura walimtazama kwa muda mrefu. Waliona mgomba unakunywa uchafu kwa mizizi, na juu, majani yanapokumbatia shina, umehifadhi maji ya mvua, safi. Mvua zilipoanza, wakashuka. Hawakuingia kijitoni. Walipanda migombani, karibu na mlango wake.

"Tutakaa hapa," alisema kizee, "tuone unamwaga wapi."

Jioni ile wakaimba. Namkunda hakufunga mlango.

Na tangu siku hiyo, vyura wadogo huishi migombani, na katika milima ile maji ya kuoshea hupewa mgomba, kamwe si kijito. Bibi arusi akifika kwa mumewe, huonyeshwa mgomba wa maji machafu kabla ya kuonyeshwa jiko. Na ukungu ukishuka, vyura wakianza, wanawake huacha walichoshika, wakanyamaza. Mlango haufungwi kwanza. Huenda kuna mtu bado yuko njiani, anasikiliza.