Makombo ya Moto

Jiko la shule ya chekechea ya watoto wa askari jela, ndani ya kambi yao kule Luzira, Kampala, lilijengwa kwa mabati yaliyobaki darasa lilipokamilika. Liliegemezwa kwenye ukuta wa darasa lenyewe, kama mlevi aliyemwegemea jirani yake. Kila asubuhi maharage yalipoinjikwa, moshi wa makaa na kuni mbichi ulipenya kwenye nyufa, ukatanda juu ya vichwa vya watoto arobaini kama mgeni asiyejua kuaga. Juliet, mtoto wa miaka minne, alikwisha kuzoea kuhesabu, "Moja, mbili, kho kho, tatu," akidhani ndivyo hesabu ilivyo. Waliomsikia walicheka. Mama yake, Aloyo, hakucheka hata siku moja.

Aloyo alikuwa mke wa askari jela aliyeitwa Ocaya. Masomo yake yalikatizwa kidato cha pili, lakini kiu ya elimu haikukatika. Jioni tatu kwa juma alikwenda kwenye darasa la watu wazima huko Kyambogo, akamlaza Juliet juu ya kanga chini ya dawati, akaandika huku mguu mmoja ukimbembeleza mtoto. Ni huko alikojifunza kwamba maganda ya matoke, yale ambayo kila nyumba ya Kampala huyatupia mbuzi au kuyarundika mtaroni, yanaweza kugeuzwa makaa yasiyo na moshi. Aliposikia hayo, moyo wake ulidunda kama ngoma za kwao Acholi. Aliona dawa ya kifua cha mwanawe imelala mlangoni kwa kila jirani.

Katika mkutano wa wazazi aliomba nafasi ya kusema. Alianza vizuri, akieleza habari ya moshi na ya maganda, na watu wakatikisa vichwa kukubali. Kumbe sifa ni mvinyo. Kadiri walivyotikisa vichwa ndivyo ulimi wake ulivyopata mbio, hata akafika kwenye donda lililomuuma tangu zamani: miti ya yaa, ile inayotoa mafuta ya kupaka watoto, iliyofyekwa shambani kwa mama yake kule Acholi ikachomwa makaa.

"Magunia yale pale langoni," alisema akinyoosha kidole, "ni miti ya mama yangu imefungwa kamba. Kuna watu wanashiba kwa kuua nchi za wenzao, kisha wanakuja kukaa nasi hapa kama watu wema."

Aliyeuza makaa langoni alikuwa mmoja tu. Mama Jibril, mjane wa Kinubi, aliifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini, na ndiye aliyelipatia jiko la shule makaa. Alikuwa ameketi safu ya pili. Alijitanda vizuri mtandio wake, akainuka, akatoka polepole, na ukumbi wote ukasikia ndara zake mpaka zilipofika mbali.

Mwalimu mkuu, Filda, hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimwambia Aloyo ayalete makaa yake baada ya majuma mawili. Maharage yakiiva, jiko litabadilika.

Aloyo alifanya kazi kama siafu. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiokota maganda, akayaanika juu ya bati, akayachoma kwenye pipa lililo wazi mpaka yakawa meupe na laini kama unga. Kwa kuwa unga ule haukushikana, aliuchanganya na udongo wa kichuguu, akafinyanga madonge mazuri ya kupendeza macho. Siku ya kupika ilipofika, madonge yalikaa jikoni kama mawe ya mtoni. Alipuliza mpaka machozi yakamtoka. Saa sita ikapita, saa saba ikapita, maharage bado yanalia sufuriani kama changarawe. Watoto wakapewa mkate mkavu, na wengine wakasinzia na njaa.

Mama mmoja aliyeitwa Abalo, ambaye ulimi wake haukujua likizo, aliinua donge moja akaligeuza mkononi. "Mama Juliet," alisema, "haya matofali yako tumjengee mwalimu choo, bambi, maskini." Wazazi wakaangua kicheko. Aloyo alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mwalimu Filda alingoja kicheko kiishe. "Ijumaa ya wiki ijayo tunafunga muhula," alisema. "Pika siku hiyo. Yasipoiva, sitaki kusikia tena habari ya maganda katika shule hii."

Siku zilizobaki zilikuwa kumi. Aloyo alilisoma daftari lake toka mwanzo hadi mwisho, lakini daftari lilisema "choma maganda" likaishia hapo. Siku mwalimu wa Kyambogo alipoeleza zaidi, Juliet alikuwa na homa naye hakwenda. Alimlalamikia mumewe. Ocaya, aliyekuwa aking'arisha viatu vya kazi, hakuinua kichwa.

"Katika kambi hii, nani anaujua moto?" aliuliza.

Aloyo akatupa macho upande wa langoni.

"Unamjua. Na yeye anakujua."

Maneno hayo yalimwasha kama upupu. Alijiambia kwamba hawezi, kwamba ni heri ajaribu mara mia peke yake. Lakini alasiri ile, alipomtazama Juliet amelala huku kifua kikipiga filimbi, aliona kwamba kiburi chake kilikuwa kinapumua vizuri kuliko mwanawe. Akajifunga kanga, akapita uchochoroni, akatokea nyuma ya kibanda cha makaa wakati ambapo hapakuwa na wateja. Alinong'ona kwamba amekuja kuomba msaada.

Mama Jibril aliendelea kushona gunia. "Siku ile ulinitukana mbele ya watu," alisema. "Leo unanitafuta nyuma ya gunia. Njoo asubuhi, watu wakiwa kwenye foleni."

Aloyo alirudi nyumbani akitokota. Hata hivyo, kulipokucha, alivaa gauni lake la darasani, lile la bluu, akaenda. Foleni ilikuwa ndefu, na Abalo alikuwa ndani yake akiwa na ndoo. Aloyo alisonga hadi mbele, akapiga magoti kwenye vumbi jeusi, mikono ameikutanisha.

"Mama Jibril, nilikukosea mbele ya watu, na mbele ya watu naomba radhi," alisema. "Nimewalaza watoto na njaa kwa sababu sijui. Wewe unajua. Nifundishe."

Mama Jibril alipima debe la mteja wa kwanza, akapima la pili. Magoti ya Aloyo yalianza kuwaka moto. Ndipo mama yule akaweka debe chini.

"Makaa ya miti ya mama yako sikuyauza kwa chuki, mwanangu. Mume alikufa, watoto walitaka kula. Nami nilijua kazi moja tu." Akakohoa kwenye mtandio wake. "Lakini nimekuwa nikikohoa miaka mingi kuliko umri wa binti yako. Unafikiri mimi napenda moshi?"

Katika hotuba zake zote Aloyo hakuwahi kuuliza kifua cha muuza makaa kina hali gani.

"Maganda uliyachoma mpaka yakawa meupe?" Mama Jibril akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Basi moto ulikwisha kula ukashiba. Wewe ukakusanya makombo yake, ukaurudishia. Nani anakula makombo yake mara mbili?" Watu wakacheka, na safari hii Aloyo naye akacheka, bado yuko magotini. "Inuka. Chukua chekeche kile."

Siku nzima Aloyo alichekecha chenga za makaa ambazo mama yule alizitupa mtaroni kila jioni, mpaka gauni la bluu likawa halina rangi ya kutajwa. Siku zilizofuata alifundishwa lile ambalo daftari halikulisema: kulijaza pipa maganda makavu, kuyawasha, kulifunika, kuziba kingo kwa udongo na kubakiza matundu machache ili moto upate njaa, kisha kukaa na kuutazama moshi. Ukiwa mweupe na mzito, maji yanatoka. Ukiwa mwembamba wa samawati, ziba tundu la mwisho upesi, la sivyo yote yatakuwa majivu. Pipa la kwanza Aloyo alichelewa kuliziba, akaambulia nusu. La pili Mama Jibril alimwachia peke yake, na maganda yakatoka meusi ti kama mbegu za papai. Waliyaponda, wakachanganya na zile chenga, wakashikanisha kwa uji wa muhogo. Mvua ilipotishia, walibeba mabati yenye madonge wakikimbizana kuyaingiza ndani, kijana kwa mzee.

Ijumaa ikafika. Aloyo aliwasha jiko alfajiri. Madonge yalishika moto taratibu, yakawa mekundu bila kelele. Wazazi walisimama mlangoni wakingojea moshi, wakangoja, wakachoka. Saa tano na nusu Mwalimu Filda alichota harage moja kwa mwiko, akalibonyeza kati ya vidole viwili. Likapondeka.

"Muhula ujao," alisema, "kuni zisikanyage hapa."

Akina mama walimzunguka Aloyo wakitaka awafundishe nao. Aloyo aliwaonyesha Mama Jibril, aliyekuwa ameketi kando akipangusa uso, akasema kwamba mwalimu ni yule, na kuanzia sasa maganda yote yapelekwe kibandani kwake. Abalo aliuliza, nusu kwa utani, ni ada gani inayolipwa ili mtu apewe siri kama hiyo.

Mama Jibril alimtazama kuanzia gauni mpaka ndara. "Kwangu ada ni magoti," alisema. "Mwenzako alikwisha kulipa, nawe ulikuwepo, unajua." Abalo akakunja gauni lake taratibu, akashuka chini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.