Vidonge vya Fundi Ambakisye

Wapendwa, mliokaa nyuma kabisa sogeeni mbele kidogo, nafasi zipo. Kisa nitakachowapa leo ni cha mume, mke na chupa moja ya vidonge, na sitaki mtu akisikie nusu halafu nusu nyingine aende kuitunga nyumbani.

Kule Tukuyu, ambako ukianika shati Jumatatu ukibahatika utalivaa Alhamisi, aliishi fundi cherehani mmoja aitwaye Ambakisye, pamoja na mkewe Tusekile. Ambakisye alikuwa fundi hasa. Koti likitoka mikononi mwake, mwenye koti alitembea kifua mbele hata kama nyumbani alikuwa hana usemi. Lakini kwa miaka arobaini alikaa kwenye kiti kilekile, ndani ya chumba kilekile. Asubuhi ukungu, mchana mvua, jioni ukungu tena. Siku jua lilipotoka, yeye habari zake alizipata kwa wateja.

Alipofikisha miaka sitini na mitatu, mifupa ikaanza kulalamika. Nyonga zikamuuma, magoti yakamuuma, na kila alipotaka kuinuka alishika kwanza meza, kisha ukuta, kisha bega la mkewe. Tusekile hakungoja. Akamfungasha hospitali. Daktari akapima damu, akawaambia kwamba vitamini D ya mzee iko chini sana na mifupa imedhoofika. Akiteleza sasa, anaweza kuvunjika nyonga. Akawaeleza kwamba mwili huitengeneza vitamini hiyo ngozi inapopata jua, na huyu mzee na jua hawajuani.

Sasa walikuwa na binti, Bupe, aliyekuwa akifanya kazi kwenye duka la dawa Mbeya mjini. Bupe akatuma chupa ya virutubisho, vidonge vya kapsuli vyenye vitamini D na dondoo la manjano ndani yake. Tusekile hakukurupuka. Aliipeleka ile chupa kwa daktari, naye akaisoma pande zote, akasema vitamini D ndiyo anayoihitaji mzee; manjano huenda yakamsaidia viungo, huenda yasimsaidie, ila kwake yeye haoni yatakalomdhuru. Ameze kimoja kila siku, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, na warudi baada ya miezi mitatu.

Na haraka ilikuwepo, kwa sababu Bupe alikuwa ameshachumbiwa. Alikwisha kusema kwamba ataingia kanisani ameshika mkono wa baba yake, si wa baba mdogo, si wa mjomba, hata kama itachukua saa nzima. Na kanisa lao lilikuwa juu ya ngazi kumi na moja za mawe.

Basi kila asubuhi Tusekile aliandaa chai ya maziwa, ndizi na parachichi, akamwekea mumewe kidonge kiganjani, akasimama pale kama msimamizi wa mtihani. Ambakisye alikitia mdomoni, akanywa maji, akainua kichwa. Mkewe akauliza kama kimeteremka. Mumewe akaitikia kwa kichwa. Halafu akajikokota hadi dirishani, akalifungua, akachungulia nje kutazama mawingu.

Niwaulize, mtu wa Tukuyu anatazama mawingu ya nini? Kuna kitu kingine cha kutazama? Lakini Tusekile alifurahi. Alijua mgonjwa akianza kupenda kutazama nje, uzima unarudi.

Mwezi ukapita. Miezi miwili ikapita. Ambakisye alikuwa vilevile, meza, ukuta, bega la mke.

Ila pale nyumbani palikuwa na kiumbe kimoja kilichoanza kunawiri. Tusekile alifuga kuku sita, na mmoja wao, kuku mweupe wa aina ya kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, tangu mvua zianze alikuwa akitaga mayai yenye ganda laini. Ukiliokota yai linakupasukia mkononi. Tusekile alikwisha kumpangia siku ya kuingia chunguni. Ghafla yule kuku akaanza kutaga mayai magumu, na ukilipasua yai, kiini ni cha njano iliyokolea. Hata mwendo wake ukabadilika, akawa anapita uani kama mke wa mkubwa fulani. Mama mmoja jirani mwenye mgahawa akayapenda yale mayai, akauliza kuku wanalishwa nini. Tusekile akasema pumba tu, kama siku zote. Jirani akanuna kidogo. Alidhani anafichwa siri.

Mwezi wa tatu ibada ya jumuiya ikafanyika nyumbani kwao. Baada ya sala, bibi mmoja wa pale jirani, naye mwenye matatizo yaleyale ya mifupa na ambaye daktari alikuwa amemwandikia vidonge vya namna ileile, akamuuliza Ambakisye kama vinamsaidia. Ambakisye akakohoa, akatazama paa, akasema mbele ya watu wote kwamba amevimeza miezi miwili na nusu na hajaona kitu; watu wanauziwa rangi tu. Wengine wakacheka. Yule bibi hakucheka. Alikwenda nyumbani, akaifunga chupa yake na kuisukuma nyuma ya makopo.

Tusekile maneno yale yalimkaa. Usiku hakupata usingizi mzuri, na kulipokucha akampigia simu Bupe, akamwambia huenda vile vidonge ni feki. Bupe akasema kwa sauti ndogo kwamba ikibidi, atazungumza na baba mdogo kuhusu siku ya harusi. Tusekile alipokata simu macho yalikuwa yamemjaa machozi. Hata hivyo aliandaa chai, akampa mumewe kidonge, akamwona akinywa maji. Mumewe akaitikia kwa kichwa kama kawaida. Tusekile akachukua kikapu, akatoka nje kukusanya mayai mapema, kwa kuwa mama wa mgahawa alikuwa akiyahitaji.

Alipopita nyuma ya nyumba, akamkuta yule kishingo amesimama chini ya dirisha, shingo juu, ametulia kama mtu aliyepanga foleni. Tusekile akashangaa. Dirisha likafunguka. Kitu cha njano kikaruka kutoka ndani, na kabla hakijatulia ardhini, kuku alikwisha kukimeza.

Tusekile akainua macho. Mumewe naye akashusha ya kwake.

"Baba Bupe," akasema.

"Nilikuwa natazama mawingu."

"Na kuku naye alikuwa anatazama mawingu?"

Ambakisye akalifunga dirisha polepole, kana kwamba akilifunga bila kelele litakuwa halikufunguliwa.

Jamani, mngekuwa ninyi mngefanyaje? Asubuhi sabini na kitu mtu anakupikia, anakusimamia, anakuombea, na wewe unalisha kuku? Tusekile aliingia ndani na maneno yake tayari kinywani, yamepangwa, na mengine yalikuwa ya miaka ya nyuma kabisa. Lakini alipofika mlangoni akamkuta mumewe ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono katikati ya magoti, kichwa chini. Alimjua mtu huyu akiwa na kiburi, alimjua akiwa na hasira. Hivi alikuwa hajapata kumwona.

"Siwezi kumeza, Mama Bupe," akasema. "Tangu utotoni. Kidonge kiliwahi kunikwama kooni nikakosa pumzi, na tangu siku ile kikifika hapa, koo linafunga lenyewe. Mama yangu alikuwa ananisagia. Alipofariki, sikumwambia mtu."

"Tumeoana miaka thelathini na nane."

"Ningeanzia wapi? Mtu mzima, nimeshona makoti ya wakubwa, nikwambie naogopa kidonge?"

Yale maneno ya Tusekile yote yakapotea. Alimtazama mumewe, akamkumbuka kuku na ile shingo yake, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa kitandani kwa kukosa nguvu, na Ambakisye, ambaye mwanzoni alidhani anachekwa, mwishowe akacheka naye, huku akijifuta machozi kwa mkono wa shati.

Walipotulia, Tusekile akampigia tena simu binti yao, akamwuliza kama vidonge hivi vinaweza kufunguliwa, maana alikwisha kusikia kwamba vipo visivyoruhusiwa. Bupe akasema hivi ni unga tu, vifunguliwe bila shaka. Tusekile akachukua kimoja, akakizungusha kwa vidole viwili, kikaachana katikati. Akaumwaga ule unga kwenye parachichi lililopondwa, akakoroga, akampa mumewe kijiko. Ambakisye akala. Akasema ladha yake ni ya mchuzi uliosahauliwa chumvi. Lakini kiliteremka, na safari hii hakuna aliyehitaji kuuliza.

Hapo ningeweza kunyamaza nanyi mkafurahi. Lakini Ambakisye alikuwa na kidonge kingine cha kumeza siku ile, na hicho hakifunguki kwa vidole. Alichukua fimbo yake, akajikokota mpaka kwa yule bibi jirani. Ulikuwa mwendo wa dakika tano, akautumia nusu saa. Akamwambia, "Bibi, jana nilisema uongo. Vile vidonge sikuvimeza hata kimoja. Nilikuwa navitema dirishani."

Bibi akatupa jicho mlangoni kuona kama yupo anayesikia. Kisha akasogea karibu, akashusha sauti, akasema, "Mwanangu, na mimi nilifurahi uliposema havifai. Vinanikwama hivyohivyo. Nilikuwa nimekosa kisingizio tu."

Mmeona, wapendwa? Watu wawili, majirani, kila mmoja akidhani koo lililofunga ni lake peke yake.

Ambakisye akamfundisha bibi habari ya parachichi. Naye mwenyewe akahamishia cherehani barazani, ili jua likibahatika kutoka limkute. Miezi mitatu tena ikapita, daktari akapima, akatikisa kichwa kwa furaha. Na siku ya harusi Ambakisye alipanda zile ngazi kumi na moja ameshikana mkono na binti yake. Kwenye ngazi ya saba alisimama kupumzika, ikabidi kwaya irudie ubeti mara mbili, na hakuna aliyelalamika. Bibi alikuwa ameketi kiti cha mbele, amefika kwa miguu yake.

Sasa mimi si daktari. Kama mifupa inakuuma usinijie mimi, nenda ukapimwe. Ninachotaka kusema ni kuhusu sisi, tuliokaa humu ndani leo.

Sisi tunapewa Neno kila Jumapili. Tunalipokea kiganjani, tunalitia mdomoni, tunainua kichwa, tunasema amina, na amina zetu mnazisikia zilivyo na sauti. Kisha tunatoka nje kutazama mawingu. Miaka inapita, moyo uleule, ugomvi uleule ndani ya nyumba, na tukiulizwa tunasema wokovu hausaidii kitu. Na kuna mtu dhaifu anatusikia, anakwenda nyumbani anaifunga chupa yake. Unatoaje ushuhuda wa dawa ambayo hujaimeza?

Lakini sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa wahubiri huwa tunawaonea watu. Kushindwa kumeza si dhambi. Yako maneno makubwa kuliko koo la binadamu. Msamehe aliyekudhulumu, hilo linateremkaje kwa mara moja? Mpende anayekuchukia, nani kati yetu koo halimfungi? Dhambi ya Ambakisye haikuwa koo lake. Ilikuwa kuitikia kwa kichwa. Siku aliposema siwezi, mkewe hakumfukuza. Alimfungulia kidonge akamtafutia parachichi. Je, Mungu aliyekuumba na hilo koo, atashindwa upole na mwanamke wa Tukuyu? Mwambie. Sema, Bwana, hili limenikwama. Mwambie mwenzako wa jumuiya pia, pengine naye anatafuta wa kumwambia.

Na nisiwahimize ninyi halafu mimi nikajificha nyuma ya mimbari. Jumapili iliyopita nilimkemea mwalimu wa kwaya mbele ya waimbaji wake wote, kwa kosa ambalo baadaye niligundua lilikuwa langu. Juma zima nimeandaa mahubiri ya upatanisho, na juma zima nimepita njia ya nyuma nisikutane naye. Mwalimu, nakuona umekaa pale karibu na mlango. Nilikukosea, na nilikukosea mbele ya watu, kwa hiyo mbele ya watu naomba unisamehe.

Haya. La kwangu limeshuka, ingawa koo bado linauma. Tusimame tukae kimya kidogo, na kila mmoja wetu amtajie Mungu la kwake.