Paa Lililogoma Kibokoni

Hapo zamani, wala si zamani ya majini na masultani, ni zamani ya juzi tu ambayo wengi wetu tulikuwa tumeshaota ndevu, kulikuwa na bibi mmoja akiitwa Bi Mwanatumu. Kuzaliwa alizaliwa Mombasa, mtaa wa Kibokoni. Akaolewa na mfanyakazi wa reli, reli ikampeleka Nakuru, na huko Nakuru akazaa, akalea, akaona wajukuu, akafiwa na mume.

Mombasa alikuwa akija, lakini alikuja kwa harusi na matanga tu. Akishakula pilau au akishasoma hitima, anafunga mkoba, anarudi zake bara. Na kila alipokuja, Kibokoni hakutia mguu. Kibokoni alikaa mdogo wake wa tumbo moja, Bi Amria. Siku ya arubaini ya baba yao waligombana kwa jambo la mirathi, wakatupiana maneno ambayo hayaokoteki, na tangu siku hiyo hawakusemezana. Watoto waliozaliwa mwaka ule sasa wana watoto wao. Mkubwa alisema, "Mdogo ndiye wa kuja kwangu." Mdogo alisema, "Aliyeondoka ndiye wa kurudi." Basi kila mmoja akakaa kwake anangoja.

Safari moja Bi Mwanatumu akaja Mombasa kwa harusi, akafikia kwa jamaa zake Tudor. Mjukuu wake Twaibu, aliyekuwa akifanya kazi ng'ambo, akampigia simu.

"Bibi, nimekukodia gari la kukutembeza mji. Gari lako peke yako, na mtu wa kukueleza kila kitu."

"Mji wa kwetu nielezwe na nani?" Bi Mwanatumu akauliza. Lakini moyoni alifurahi.

Asubuhi yake gari likafika mlangoni. Lilikuwa jekundu, limeng'arishwa hadi unajiona uso, na juu halikuwa na kitu. Dereva alikuwa Shebwana, mtu wa makamo asiyependa maneno mengi. Mwenye kutembeza wageni alikuwa msichana aitwaye Mishi, na huyo maneno aliyanywa na maziwa ya mama.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona gari lenu limeibwa paa?"

Mishi akacheka. "Halikuibwa, Bibi, limekunjwa. Leo utauona mji wote, na mji wote utakuona wewe."

Bi Mwanatumu aliposikia kwamba mji utamwona, akarudi ndani kubadili mtandio. Alipotoka na ule wa hariri, akakaa kiti cha nyuma peke yake, akainua kidole.

"Nizungusheni mnapotaka. Ila Kibokoni msinipeleke."

"Sawa, Bibi," akasema Shebwana.

Wakaondoka. Upepo ukamshika Bi Mwanatumu usoni, mtandio ukapepea, na yeye akaona haya kama bibi harusi. Watu wa njiani wakampungia mkono. Mwanzo alijibu kwa kidole kimoja, halafu kwa vidole vitatu, na walipofika kwenye zile Pembe za ndovu za kuigiza zilizoinuka juu ya barabara kuu alikuwa akipunga mikono yote miwili na kuitikia salamu za watu asiowajua.

Mishi akaeleza habari za Pembe. Bi Mwanatumu akasikiliza, halafu akauliza, "Hivi, Kibokoni bado wanauza mbaazi za nazi asubuhi?"

"Bado, Bibi. Twende ukaonje?"

"Nimesema sitaki kwenda."

Wakateremka hadi kwenye mnara wa taa. Wakanunua mihogo ya kukaanga, ikanyunyiziwa ndimu na pilipili, wakaila huku wanatazama meli zinazoingia bandarini. Bi Mwanatumu akafuta vidole, akauliza, "Hivi, Kibokoni wanawake bado hukaa barazani alasiri?"

"Bado, Bibi. Twende ukawaone?"

"Nimesema sitaki kwenda."

Wakaja mpaka Ngome Kuu, wakashuka. Mishi akaeleza habari za Wareno na Waarabu, nani alimfukuza nani na nani alirudi. Bi Mwanatumu akawa anaitazama njia iliyokata nyuma ya ngome, akauliza kwa sauti ndogo, "Hivi, Kibokoni ile nyumba ya roshani ya kijani bado imesimama?"

Hapo Mishi akaacha habari za Wareno. Akamvuta Shebwana pembeni, nyuma ya mzinga mmoja wa zamani.

"Shebwana, huyu bibi ana mtu wake Kibokoni. Tumpeleke."

"Amesema tusimpeleke."

"Mdomo ndio uliosema. Mara tatu kaulizia!"

"Mishi, ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Sisi tushike usukani wetu."

Walidhani wananong'ona. Lakini masikio ya Bi Mwanatumu hayakuwa yamezeeka pamoja na magoti yake. Alisikia neno kwa neno, akajifanya anausoma ule mzinga. Moyo wake ukaomba Shebwana aendelee kukataa. Moyo huohuo ukaomba akubali.

Wakapanda gari. Hawajafika mbali, mvua ikaangusha tone moja kubwa kwenye pua ya Bi Mwanatumu, halafu ikamwagika yote bila kubisha hodi. Shebwana akabonyeza kifungo cha paa. Paa likanyanyuka, likafika nusu ya njia, likalia kriii, likasimama hewani kama mwanafunzi aliyeinua mkono na kusahau swali.

"Ngumbao!" Shebwana akapiga kelele. "Ngumbao kaniua leo!"

Ngumbao alikuwa fundi wake. Jana yake tu alikuwa amelirudisha gari, akaapa kwamba paa limepona kabisa.

"Kata kulia!" Mishi akasema. "Kuna nyumba ina roshani kubwa, tujikinge chini yake!"

"Si huko!" Bi Mwanatumu akalia. "Nimesema si huko!"

Shebwana akatazama mbele, akamtazama bibi kwenye kioo, mtandio wa hariri umemganda kichwani. Akakata kulia. Akaliingiza gari mtaani taratibu, akalisimamisha chini ya roshani ya kijani. Nusu ya gari ikakingika na nusu ikanyeshewa.

Bi Mwanatumu akauona ule mlango wa mbao, misumari yake na pete yake ya chuma.

"Ondoa gari."

"Gari halina paa, Bibi. Siwezi kukupitisha mvuani."

"Nitamwambia mjukuu wangu! Atawaambia wakubwa wako, na kazi hutaipata tena!"

Shebwana akachomoa ufunguo, akautia mfukoni. "Mwambie, Bibi. Lakini hapa siondoki mpaka mvua iishe." Akapiga simu. "Ngumbao, upo wapi? Njoo sasa hivi, hata ukiwa umevaa taulo."

Ngumbao akaja juu ya bodaboda, ameloa chapachapa, spana mkononi. Akalichungulia paa, akaligonga, akalivuta.

"Bawaba zimekauka," akasema. "Zataka mafuta tu."

"Jana hukuzitia mafuta?"

"Yaliniishia, bwana. Nikasema mvua haitanyesha wiki hii."

Na kabla mtu hajasema neno, Ngumbao akarukia kizingitini, akaishika pete ya chuma, akagonga. "Hodi wenyewe! Tusaidieni mafuta ya nazi kidogo, tuna mama mtu mzima ananyeshewa huku!"

"Mtu mzima ananyeshewa, na nyinyi mwatazama?" Sauti ikatoka ndani.

Bi Mwanatumu akaijua sauti ile. Ilikuwa ya mama yao, ila mama yao alikuwa marehemu. Mlango ukafunguka. Bi Amria akatoka, mkono mmoja chupa ya mafuta, mkono mwingine mwavuli. Chupa akampa Ngumbao bila kumtazama. Akaenda moja kwa moja mpaka garini, akamkinga yule aliyeloa, ndipo akainama amwone ni nani.



"Umekonda," akasema Bi Amria.

"Na wewe umenenepa," akasema Bi Mwanatumu.

Mwavuli ukaanguka. Wakashikana shingoni, mmoja ndani ya gari, mmoja nje, wakalia, wakacheka, wakalia tena, wakaloana wote wawili. Na Ngumbao akatia matone ya mafuta kwenye bawaba, akapewa ufunguo, akabonyeza kifungo, paa likajifunga ta! likawafungia mikono yao katikati. Ikabidi lifunguliwe tena.

Wakaingizwa ndani wote, wakapewa kanga kavu, chai ya tangawizi na kaimati za moto. Huko sebuleni, pembeni, palikuwa na kitu kimefunikwa shuka jeupe. Bi Amria akalivuta lile shuka. Chini yake kilikuwa kiti cha enzi cha marehemu baba yao, mti wake mweusi umetiwa nakshi za mfupa, kamba zake bado zimekaza. Kiti hicho ndicho kilichowagombanisha.

"Tangu siku ile sijakikalia," akasema Bi Amria. "Kila nikitaka kukaa, nakuona wewe."

"Nami sikitaki tena," akasema Bi Mwanatumu. "Kikienda Nakuru, utanung'unika wewe. Kikibaki hapa, nitanung'unika mimi."

Wakaangaliana, wakakubaliana kwa macho kama walivyokuwa wakifanya utotoni. Bi Amria akawageukia wageni.

"Mmoja wenu ndiye aliyetukutanisha. Huyo akichukue kiti hiki. Nani?"

Mishi akasimama. "Ni mimi, Bibi. Mimi ndiye niliyesikia lile ambalo Bi Mwanatumu hakulisema. Na mvua iliponyesha, zilikuwako nyumba nyingi za kujikinga. Mimi ndiye niliyeichagua hii. Bila mimi, mngejikinga chini ya paa la watu wengine."

Shebwana akaweka kikombe. "Kusema ni kusema. Usukani nilishika mimi. Mgeni alinikataza, nikakata kulia. Akanitishia kazi yangu, na nina watoto wanaosoma, nikatia ufunguo mfukoni. Bila mimi, Mishi angesema, na gari lingepita."

Ngumbao akakuna kichwa, kaimati shavuni. "Jamani, nitasema ukweli. Paa hilo lingefunga, wangepita zao na vioo juu, na hakuna ambaye angemwona mwenzake. Ubovu ule ni wangu. Na walipofika, hawa wawili walikaa garini kama mayai, wakiuogopa mlango. Mimi ndiye niliyegonga. Bila mimi, wangengoja mvua iishe, wakaenda zao."

"Wewe ulikuwa ukitafuta mafuta tu!" akasema Mishi.

"Nawe ulikuwa ukitafuta habari za watu," akajibu Ngumbao.

"Mimi nilikuwa naogopa viti vya gari visiloe," akasema Shebwana, akacheka. "Lakini si kwa hilo tu."

Bi Mwanatumu akafikiri. "Nampa Mishi. Alinisikia." Kisha akamtazama dereva. "Lakini huyu angenitii, leo ningelala Tudor na uchungu wangu. Basi nampa Shebwana."

"Haiwi!" akasema Bi Amria. "Mimi nilipofungua mlango nilimkuta nani kizingitini? Ni fundi! Kiti ni cha Ngumbao."

"Fundi aliyeharibu kazi ndiye azawadiwe? Wewe Amria tangu utotoni hujui haki!"

"Na wewe tangu utotoni wataka neno lako liwe la mwisho!"

Sauti zikapanda. Kisha ghafla wote wawili wakakitazama kiti, wakatazamana, wakaangua kicheko mpaka Bi Mwanatumu akajishika ubavu.

"Mdogo wangu, kiti hiki kitatugombanisha tena! Tuwaulize watu."

Basi hilo ndilo lililoletwa kwenu, msiulize lilifikaje. Chai imepoa, mvua imekatika, gari jekundu liko mlangoni paa wazi linangoja kubeba kiti na mwenyewe. Kiti ni kimoja, hakipasuliwi. Yuko Mishi, aliyesikia yasiyosemwa na kuionyesha njia. Yuko Shebwana, aliyekaidi amri na kuihatarisha kazi yake. Yuko Ngumbao, ambaye uzembe wake ulilifungua paa na mkono wake ukaufungua mlango.

Je, nyinyi mngekuwa pale sebuleni, kiti cha marehemu mngempa nani?