Maganda ya Bi Pimbi Yasiyoiva

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko, mikeka na majirani wa kugombana nao, Bi Pimbi aliishi peke yake juu ya mawe. Mumewe alinyakuliwa na tai. Wanawe walioa na kuolewa, wakahamia mlima wa mbali. Nyumbani alikuwa na vikombe vitatu, na viwili havikuguswa mwaka mzima. Msidhani ni jambo dogo, wanangu. Kunywa chai peke yako siku ya sikukuu kunauma.

Kila sikukuu lakini walifika wageni wawili, Nyati na Kifaru. Walifuata maganda. Bi Pimbi alikuwa fundi wa maganda ya madanzi, yale machungwa machungu yanayokunja uso. Aliyakata vipande vyembamba, akayachemsha na kumwaga maji mara tatu mpaka uchungu utoke, kisha akayapika kwa sukari na iliki na kuyaanika kwenye ungo. Ukitia kimoja mdomoni, unasahau hata jina lako!

"Hodi! Tufungie haraka, tunawahi karamu ya Tembo!" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu ya Nyati kila mwaka. Wakishapewa, hao! Hata kukaa hawakai. Tembo hakumpokea mgeni wa mikono mitupu, ndiyo maana waliyataka maganda. Bi Pimbi mwenyewe hakualikwa. Eti huko wadogo hukanyagwa.

Mwaka huo akasema moyoni, "Leo watakaa."

Maganda alikuwa ameshamaliza kuyapika tangu juzi. Akayatia kapuni, akalisukuma kapu chini ya kitanda. Kisha akateleka uani sufuria ya maganda mabichi, na mengine mabichi akayafunga kwenye pindo la kanga yake.

"Hodi! Tufungie haraka!"

"Karibuni, wanangu. Bado hayajaiva. Kaeni."

"Bado?" Nyati akapiga kwato, pwaa! "Bibi, sisi tuna safari!"

"Kama mnayataka machungu, chukueni."

Nyati akadokoa kimoja. "Thuu! Thuu! Shubiri hii!"

Wakakaa. Maji yakamwagwa, mapya yakatiwa, sufuria ikatokota, toko toko toko. Nyati alipogeuka kutazama jua, Bi Pimbi akafungua pindo, chubwi! Maganda mabichi yakaingia.

"Onja sasa, mwanangu."

"Thuu! Madanzi gani haya? Yamelaaniwa?"

"Pengine tukimwaga mara moja tena. Chai mnakunywa?"

Wakamwaga mara tatu. Wakamwaga mara tano. Vile vikombe viwili vikaoshwa. Kifaru, ambaye haoni mbali na hasemi sana, akasimulia jinsi mama yake alivyomkimbiza kipepeo akidhani ni adui, mpaka akatumbukia mtoni. Nyati akacheka akamwaga chai. Bi Pimbi naye akacheka, kwi kwi kwi, akajishika mbavu. Halafu akaona haya kidogo, maana alikuwa amekisahau kicheko chake mwenyewe. Ng'ambo ya mto ngoma za Tembo zilianza kulia, ndu, ndu, ndu, naye akaomba kimoyomoyo jua lisimame hapo hapo lilipo.

Mara Kifaru akanyanyua pua.

"Bi Pimbi, sufuria hii haijatiwa iliki."

"Bado, mwanangu."

"Basi mbona iliki inanukia ndani?"

Kifaru akaingiza kichwa mlangoni, kwaa! Fremu ikapasuka. Alipokitoa kichwa, kapu lilikuwa linaning'inia kwenye pembe yake, limejaa maganda makavu yanayong'aa sukari.

Nyati akafura. "Umetuchezea! Kutwa nzima! Mtu mzima na mvi zako!"

"Nimewachezea," akasema Bi Pimbi. "Nikiwapa mnaondoka. Nilitaka mtu wa kunywa naye chai, basi."

Nyati alilinyakua kapu lote, hata ganda moja hakumwachia, akateremka mawe mbio kuelekea kwenye ngoma.

Kifaru alibaki amesimama uani.

"Ungeniambia tu, Bi Pimbi. Ungesema, kaa nami."

"Ningesema, ungekaa?"

Kifaru hakuwa mwongo.

"Sijui," akasema. Kisha akasema, "Sidhani."

Bi Pimbi akatikisa kichwa kukubali. Machozi yakamtiririka, wala hakuyafuta. Kifaru akaitazama njia aliyopita mwenzake, akaukunja uso, akaketi tena.

"Ngoja nimalizie chai yangu."

Akainywa polepole. Ilipokwisha akaaga kwa adabu, akaenda zake karamuni mikono mitupu. Bi Pimbi alibaki mkekani akisikiliza hatua zake, du, du, du, mpaka asizisikie tena.

Imekwisha, wanangu, na funzo lake ni hili: hila inaweza kumkalisha mgeni, lakini haiwezi kumfanya atake kukaa.